Tangi la Maji: Kabla Hujalipa, Ingiza Kichwa Ndani

Niliona kwanza kwenye kata. Natia udhu wa alfajiri, kidoleni kimenisokota kitu kama uzi wa kijani. Nikadhani ni dodoki limechakaa. Kulipokucha nikachota kwa ndoo nyeupe, ndipo nikaona vipande vinaelea kama mchicha uliosagwa ovyo, na harufu ya kisima kilichoachwa. Tangi lenyewe lilikuwa halijatimiza miezi mitano. La buluu, lita 1000, nililipa laki tatu na ishirini, na elfu ishirini nyengine ya kirikuu kutoka mjini mpaka kwangu Fuoni, hapa Unguja.

Fundi wa mifereji akapanda, akafungua mfuniko, akacheka peke yake kule juu. "Mama Samira, panda ujionee." Nikapanda ngazi na kanga zangu mbili. Nikaingiza kichwa, nikajifunika kanga nyuma ili jua lisiingie mlangoni. Lahaula! Mle ndani mna mwanga. Niliiona mistari ya kiganja changu. Kuta zinawaka buluu, utadhani nimekaa ndani ya hema saa sita mchana. Na ukoga haukuota kila pahala: upande wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, ulikuwa na zulia zima la kijani linaloteleza. Upande uliojificha nyuma ya ukuta wa jirani ulikuwa karibu msafi.

Basi mwongozo huu hautazungumzia lita wala umbo. Idadi ya watu wa nyumba yako unaijua mwenyewe, na siku ngapi mfereji wa mtaani kwenu hukauka pia unajua. Nitazungumzia jambo moja ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia na mie sikuwahi kuliuliza: tangi linapitisha mwanga au halipitishi?

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu. Yeye anatunza tangi la kioo la samaki wa baharini kwenye hoteli moja huko Nungwi, lile lenye matumbawe hai ndani, na adui yake wa kila siku ni huyu huyu ukoga. Anasema unaishi kwa vitu viwili, mwanga na mbolea. Mbolea yake ni naitreti na fosfeti, zinazotoka kwenye mavi ya samaki na chakula kilichobaki. Kwa hiyo yeye hupunguza chakula, huweka konokono wanaokwangua kioo, huchuja kwa punje za chuma zinazonyonya fosfeti, na maji ya kisima hayatii kabisa. Anayoongezea yale yaliyokauka ni maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu. Ukoga ukimzidi nguvu, hulifunika tangi zima kwa kitambaa cheusi siku tatu. Nilipompigia simu kumlilia, aliniuliza swali moja: "Dada, mie nawasha taa kwa sababu matumbawe yanataka mwanga. Wewe tangini kwako unamwashia nani?"

Sikuwa na jibu. Maana mbolea siwezi kuizuia. Unguja hii sehemu kubwa tumekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu, visima vyetu na mashimo ya vyoo vinapakana, naitreti inapenya chini kwa chini. Kinachobaki mkononi mwangu ni mwanga tu. Akina mama wa Paje na Jambiani wamelima mwani, jamaa ya ukoga huu, tangu 1989 na wanajua kwamba haukui pasipo jua. Wao wanauza. Huu wangu hauna mnunuzi.

Na usiseme "nitatia klorini yaishe." Ukoga wenyewe unaila klorini, jua nalo linaiharibu. Nilitia, wiki ya pili kijani kikarudi, na kichwa cha bafu kikaziba juu yake.

Jinsi ya kupima pale dukani ni hivi. Nenda mchana, jua kali. Tangi likiwa limelazwa uani, ingiza kichwa mlangoni, jifunike kanga au koti, subiri macho yazoee kiza. Mwambie mtoto au mpagazi apitishe mkono nje, karibu na ukuta wa tangi. Ukiona kivuli cha mkono kinapita, rudisha pesa mkobani. Ukienda jioni, fundi wangu hutumia tochi ya simu: anaibana nje ya tangi, anachungulia ndani. Tizama pia ukingo wa mlango pale plastiki ilipokatwa. Matangi mazuri yana tabaka, na mojawapo ni jeusi ti. Tabaka la ndani likiwa jeupe usiogope, lile ni la kukuonesha uchafu, maadamu nyuma yake pana jeusi.

Sasa nipange.

Wa kwanza kwangu ni SIMTANK nyeusi, na sifichi kwamba naipendelea. Jina lenyewe limeshakuwa la matangi yote. Watu wanaita simtanki hata lisilo lake, na wauzaji wanajua kuitumia fursa hiyo. Kwa hiyo soma maandishi yaliyochapwa ubavuni, usisikilize mdomo. Ya mama yangu pale Jang'ombe imekaa juani miaka isiyopungua minane. Nilipanda nayo na kanga yangu: kiza, sioni hata pua yangu. Chini kuna tope jembamba la mchanga, kijani hakuna. Ubaya wake ni joto. Kipindi cha kaskazi ukioga saa tisa alasiri utadhani umechemshiwa. Mama amelijengea kibanda cha makuti juu na mambo yamepoa.

Pili, tangi jeusi la kampuni yoyote nyengine, ilimradi limefaulu mtihani wa kivuli. Weusi peke yake si dhamana. Nimeona moja Mwanakwerekwe, jeusi kwa nje, lakini plastiki nyembamba hata ukibonyeza kwa kiganja inaingia na kutoka kama debe, na sehemu ya juu karibu na mlango ilikuwa inapitisha wekundu fulani hivi.

Tatu, ya rangi yenye tabaka jeusi ndani. Yapo ya buluu, ya kijani, ya rangi ya mchanga kwa wanaotaka lifanane na nyumba. Yakiwa na tabaka hilo hayana tatizo. Ila hapa ndipo tunapoliwa, kwa sababu la tabaka na lisilo na tabaka kwa nje ni pacha, na muuzaji anaweka bei moja.

Nne, tangi la zege la ardhini. Mwanga hauingii, maji baridi mwaka mzima, wazee wetu hawakuwa wajinga. Lakini likipata ufa, yale ya shimo la choo yanaingia na hujui. Nani ataona? Mwenye kiwanja kikubwa, choo kiko mbali, na fundi anayemuamini, ajenge.

Chuma cha pua sikiweki kwenye foleni kabisa. Ukoga hakipati, lakini mie naishi kisiwani, upepo wa chumvi na klorini vinakitoboa vitobo vidogo vidogo, na bei yake ni ya mtu mwengine.

Yale meupe ya kizimba cha chuma, yaliyoletewa madawa ya viwandani, na mapipa ya buluu: rahisi, ndiyo. Hujui yalibeba nini, na lile jeupe ni taa. Tusonge mbele.

Kuna vidogo vinavyosahaulika hata ukishanunua zuri. Mfuniko mweupe mwembamba unapitisha mwanga. Ufundi wote wa tabaka unakuwa kazi bure. Ule mrija wa plastiki angavu unaofungwa ubavuni kuonesha maji yamefika wapi ndio wa kwanza kuota kijani. Mwambie fundi asiufunge. Bomba jeupe jembamba lililo juani nalo hushika utando kwa ndani, lipake rangi au livishe mpira mweusi. Bomba la kumwagia maji yakizidi lizibe kwa wavu, maana mbu hahitaji mwaliko, na mfuniko uwe wa kukaza.

Wewe uliyekwisha kununua kama mie, usipake rangi ya ukuta. Nilipaka. Haishiki kwenye plastiki ile, ndani ya mwezi ikaanza kubabuka kama ngozi ya nyoka. Kilichonisaidia ni kumwaga maji yote, kusugua kwa brashi na maji ya klorini, kusuuza mara mbili, halafu kulivika turubai jeusi kuanzia juu mpaka chini na kulifunga kwa kamba ya katani. Halipendezi. Mume wangu analiita bwana harusi. Lakini mwezi wa tatu huu ndoo nyeupe inatoka nyeupe.

Nilirudi dukani, bila shaka. Sitataja jina, ni mitaa ile ile ya Darajani tunayoijua sote. Nikamuonesha chupa ya maji ya kijani. Muuzaji, kijana mdogo, akaniambia kwa adabu kubwa kwamba ile ni rangi ya tangi inaakisi, "bibi". Maji yako ndani ya chupa! Nikamuuliza linaakisi kutoka Fuoni? Akanioneshea kibao ukutani: bidhaa ikitoka hairudi. Risiti aliyonipa siku ya kwanza ilikuwa imeandikwa "tangi 1", basi. Hakuna jina la kampuni, hakuna lita, hakuna rangi. Mnaponunua, simama hapo hapo mpaka aandike aina, ukubwa na muda wa dhamana, na mhuri juu yake. Akisema kitabu kimekwisha, na wewe hamu ya kununua imekwisha.

Na hii bei ya Unguja, jamani. Najua kuna nauli ya meli na kuna bandarini. Lakini tangi ni upepo mtupu uliozungushiwa plastiki, na wenyewe huyapakia dogo ndani ya kubwa ili wasilipie nafasi mara mbili. Mbona sisi tunalipia? Juu yake wapagazi wanayaburuza kwenye sakafu ya zege, linafika na mchubuko kitakoni, pale pale patakapobeba tani moja ya maji. Geuza tangi uangalie chini kabla ya kulipa. Watanung'unika. Waache wanung'unike.

Kwa walioniuliza kutoka Wete na Mkoani, kule Pemba: mkiagiza kutoka Unguja, mtumeni mtu mnayemuamini akapime kwa kichwa chake, na apige picha ya ukingo wa mlango kabla tangi halijapanda chomboni. Mie mwenyewe kwa kina Samira, yaani kwa nyumba ya pili tunayoimalizia Chukwani, nimeshaweka akiba ya nyeusi, lita 2000. Hili la buluu jirani amelitaka la kuwekea maji ya kukorogea saruji, nimempa kwa laki moja na turubai lake juu.