Nimeitesa Mashine ya Kuchambua Kapsuli za Kahawa kwa Wiki Mbili

Haya watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika. Kuna hili sanduku hapa, mashine inayochambua kapsuli za kahawa zilizokwisha kutumika, yaani vile vikopo vidogo vya kahawa vya kutumia mara moja, ili vipande vyake virejelezwe. Bado ni ya majaribio, haijaingia sokoni, na wenyewe waliniambia niitese. Nimeitesa.

Kwanza tazameni hii kapsuli ya plastiki, aina ya K-Cup. Kwa nje ni kikombe tu. Sasa naichana... mnaona? Foili juu, kikombe cha polipropilini, ambayo ni aina ya plastiki, chujio la karatasi, na machicha ndani. Vitu vinne vimeshikana. Keurig, kampuni yenye K-Cup, walihamisha K-Cup zao zote kwenye plastiki inayoweza kurejelezwa mwaka 2020, na mtumiaji anatakiwa abandue foili, amwage machicha, ndipo aitupe kwenye pipa lake. Sasa wewe uliyenunua mashine ya kahawa ili usisumbuke asubuhi, utakaa ukwangue machicha? Hata John Sylvan aliyeibuni K-Cup aliliambia jarida la The Atlantic mwaka 2015 kwamba kuna wakati anajuta kuibuni. Mimi simlaumu, nakunywa humo humo.

Turudi kwenye mashine. Unadondosha kapsuli hapa juu, inakaa kwenye tundu, ukingo wake ukiwa juu. Kuna sensa ya kutambua chuma, na hapa waliofikiri walifikiri kweli: wameiweka chini, usawa wa kitako. Ingekuwa juu, kila kapsuli ingeonekana ya chuma kwa sababu ya foili ya kifuniko. Ikigundua kapsuli yenyewe ni ya aluminiamu, maana ziko za namna hiyo pia, inaisukuma upande wa kubonyeza, machicha yanatoka, kopo linabaki bapa. Upande huo sina neno. Na aluminiamu inastahili kuokolewa, maana kuiyeyusha upya kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayotumika kuizalisha kutoka kwenye madini.

Kazi iko kwenye plastiki. Mashine inaushika ukingo, inaizungusha kapsuli, na kisu cha duara kinakata pembeni. Swali ni kikate wapi. Chujio limegandishwa ndani ya kikombe, karibu na ukingo. Ukikata juu ya gundi, plastiki yote inabaki, lakini na karatasi inabaki imeng'ang'ania. Ukikata chini ya gundi, ukingo unaondoka na chujio pamoja na machicha yote, kama mtu anayenyanyua mfuko kwa mdomo wake, na kikombe kinabaki kitupu. Unapoteza ile pete ya juu tu. Hawa wamechagua kukata chini, na ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Oneni hiki... nimepitisha kidole ndani, kimetoka na vumbi kidogo tu.

Ila hiyo ilikuwa kapsuli iliyolala usiku kucha ikakauka. Ukiitia ya moto, iliyotoka kwenye kahawa sasa hivi, karatasi ni mbichi na imenata kwenye ukuta wa kikombe. Kisu kikizama kidogo tu kupita plastiki kinaichana, tope la kahawa linamwagika kwenye reli ya mota, na hapo ujitafutie mswaki. Nimesafisha reli hiyo mara sita, mara ya mwisho saa tano usiku, na sikuwa na furaha.

Nilichowaandikia wabunifu ni kwamba waache kuhangaika na kisu kikali zaidi. Waweke trei ya kukaushia kabla ya kisu, hata feni ndogo, kapsuli zipange foleni zikauke. Na droo ya machicha iwe na matundu, maana hii iliyofungwa nilipoifungua siku ya nne ilikuwa imeota ukungu mweupe. Machicha ni mboji nzuri, lakini si humu ndani.

Kelele ni za kawaida, kama mashine ya kusagia viungo. Uzito sipendi, kuihamisha ni watu wawili.

Ningeinunua leo? Kwa ofisi ya watu wanaokunywa kahawa kutwa, ndiyo, mradi kapsuli zirundikwe zikauke kwanza. Kwa nyumbani, wakileta hiyo trei ndiyo tuzungumze.

Msiondoke, natia moja mbichi mbele yenu msije mkasema nimezidisha. Inazunguka... inakata... enhe. Taa nyekundu hiyo. Mswaki wangu uko wapi?