Kupima mjengo kwa leza: inafaa, ila uliza maswali kabla ya kulipa

Nasimamia mjengo wa ghorofa Kileleshwa, Nairobi. Kampuni tuliyoikodi sitaitaja kwa jina, maana lawama zipo.

Vijana wao walikuja na kifaa cha miguu mitatu. Kinazunguka kikirusha mwali wa leza pande zote, na kila unapogonga panasajiliwa nukta yenye vipimo vyake. Walikihamisha kona hadi kona, wakibandika ukutani karatasi za miraba myeusi na myeupe ili programu iweze kuunganisha vipande vyote. Mafundi walidhani ni kamera ya bosi. Siku hiyo hakuna aliyechelewa kurudi kutoka chai.

Utamu uko kwenye ripoti. Programu inalaza nukta hizo juu ya mchoro wa injinia na kupaka rangi: kijani panapolingana, nyekundu palipokengeuka. Nguzo moja ya ghorofa ya tatu ilikuwa imeinama milimita 31. Foremani alibisha, akaenda na timazi yake, akarudi kimya. Lakini kilicholipia gharama yote ni shimo la lifti: kuta zake zilikuwa zikizidi kubana kadiri zinavyopanda, na watu wa lifti hawana mchezo na milimita. Tulirekebisha kabla ya kumwaga slabu iliyofuata.

Sasa lawama. Faili lao lilikuwa zito mno kwa laptopu ya ofisini, na kwa michoro ya kawaida wakadai pesa zaidi. Pia waliwahi kutaka kuniletea kifaa cha kubeba mkononi. Hicho ni chepesi na cha haraka, lakini huweza kukosea kwa sentimita nzima au zaidi. Kapimie marundo ya mchanga, si unyoofu wa nguzo. Dimbwi la mvua nalo lilionekana kwenye picha kama tundu la slabu, tukapanda mbio kuangalia hewa.

Mwenye mjengo alipoona rangi zile akauliza kama tunaweza kuacha kupeleka sampuli za zege maabara. Nilikataa katakata. Leza huona ngozi tu. Zege hafifu au vyuma vilivyopunguzwa ndani ya nguzo haivioni. Huu ndio mji ulioona jengo la Huruma likiporomoka Aprili 2016 na kuua takriban watu 50.

Nitawaita tena kabla ya plasta. Safari hii mkataba utataja aina ya kifaa, na michoro iwe ndani ya bei.