Uzoefu wangu na polisi na waendesha mashtaka wa jiji: cherehani yangu imegeuka kielelezo

Nianze kwa kuwasifu, maana mwanzo wake ulikuwa mzuri. Kibanda changu cha ushonaji hapa Dar es Salaam kilivunjwa usiku wa mvua, masika ya mwaka juzi kama sikosei, zikaondoka cherehani mbili na mashine ya ovaloki. Nilifika kituoni alfajiri, nikaandikiwa RB, ile namba ya taarifa ya tukio, bila kuombwa hata shilingi, na jioni ya siku ya pili askari wawili wa doria wakanipigia simu kwamba wamemkamata kijana akiwa ameipakia cherehani moja nyuma ya bodaboda. Mtu angeniuliza siku ile, ningewapa nyota zote tano, na ya sita ningeishona mwenyewe.

Nilikwenda kuichukua, nikaikuta imekwisha andikwa namba ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Mpelelezi akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hiki sasa ni kielelezo." Nilimwelewa, kwa kuwa mahakama lazima ione kilichoibwa. Nilipomuuliza itakaa hapo kwa muda gani, alinijibu kwamba itategemea upelelezi, na upelelezi wa vile viwili vilivyobaki ulihitaji gari, na gari lilihitaji mafuta. Nikiri tu kwamba elfu thelathini niliitoa, huku ukutani, juu ya kichwa chake, pakiwa na tangazo lisemalo kuwa huduma zote za kituo hicho ni bure.

Mahakamani nilihudhuria hadi karani akanizoea. Kila kesi ilipotajwa, upande wa mashtaka ulisimama na kusema kwamba upelelezi haujakamilika, ukaomba tarehe nyingine, nami nikarudi kwa wateja wangu kuwaeleza kwa nini sare za watoto hazijawa tayari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataja siku 60 za kuahirisha namna hiyo, lakini siku hizo huongezwa kwa vyeti vya wakubwa, na mlalamikaji hana pa kuvipinga, kwa kuwa mbele ya sheria yeye ni shahidi tu, kesi ni ya Jamhuri. Ni nini kilichokuwa hakijakamilika ilhali mtu alikamatwa na mali mkononi, sijaambiwa mpaka leo.

Nilipouliza kituoni, niliambiwa jalada liko kwa wakili wa Serikali. Nilipomfikia wakili wa Serikali, akasema alikwisha kulirudisha kwa mpelelezi likafanyiwe marekebisho. Najua kwamba sheria ya mwaka 2008 ilikusudia kuwaondolea polisi kazi ya kushtaki, na kwamba mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilianza kusimama peke yake, ili anayekamata asiwe ndiye anayeshtaki. Shabaha hiyo naikubali. Ila mimi nilichokipata ni milango miwili ya kubisha badala ya mmoja, na kila mlango ukanielekeza kwenye mwenzake.

Yote hayo ningeyameza, kama si siku niliyomwomba afande wa kaunta anisaidie kujua jalada liko wapi. Ni kijana wa umri wa mwanangu wa pili. Nilimwita afande, nikamwomba samahani kwa usumbufu, naye, bila kuinua macho kwenye simu yake, akaniuliza, "Kwani wewe mama unataka cherehani au unataka kesi?" Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nimelala na swali hilo miezi mingi. Nilivitaka vyote viwili, na sikujua kama kuna mahali paliandikwa kwamba raia achague kimoja.

Mwishowe sikupata hata hicho kimoja. Shauri liliondolewa mahakamani bila mtu kunijulisha. Nilijua siku nilipokutana na yule kijana wa bodaboda kijiweni, akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba kabla sijamtambua. Cherehani wanaishikilia bado, kwa hoja kwamba mtuhumiwa anaweza kushtakiwa upya.

Mwaka 2023 iliundwa tume ya haki jinai, yaani ya kuangalia utendaji wa vyombo kama polisi na mashtaka, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na mwezi Julai mwaka huohuo ikakabidhi ripoti kwa Rais. Nilifurahi kama niliyetajwa jina, lakini hapa kaunta sijaona kilichobadilika zaidi ya rangi ya ukuta.

Nilikusudia kutoa nyota mbili. Nikilikumbuka lile swali, nafuta moja. Nikiwakumbuka wale askari wawili wa doria waliolowa mvua kwa ajili ya mali yangu, naona haya, nairudisha. Basi iwe yao hao peke yao, na kituo kibaki na sifuri. Jumatatu nitakwenda tena, na safari hii mafuta nitakayobeba ni ya mashine, maana nilipoichungulia mara ya mwisho gurudumu lake lilikuwa limeanza kushika kutu.