Foleni ya kuingia Final Fantasy XIV: Endwalker (uzoefu wangu)

Nyota nne kati ya tano, na hizo naipa foleni yenyewe. Endwalker ni nyongeza ya Final Fantasy XIV, gemu inayochezwa mtandaoni na watu wengi kwa pamoja. Hadithi yake ina sifa zake, siigusi hapa.

Walioagiza mapema walifunguliwa tarehe 3 Desemba 2021, saa sita mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Wengine walisubiri hadi tarehe 7. Ukiona ni ujanja wa kuuza, angalia kinachoielemea seva. Mchezaji aliyeko ndani anakimbia nyikani bila kuisumbua sana. Mzigo ni yule anayeingia: akaunti ikaguliwe, malipo yahakikiwe, mhusika na vitu vyake vyote vivutwe kutoka kwenye hifadhidata. Watu elfu kumi wakibonyeza kwa mpigo, mlango unavunjika nyumba ikiwa bado ina nafasi. Siku nne zile zinawapunguza wanaobonyeza pamoja.

Mlango huo una seva zake. Square Enix, kampuni inayotengeneza gemu hii, ilieleza wazi kwamba wakati wa uzinduzi foleni ya kituo kimoja cha seva ikifika watu 17,000, anayefuata alikataliwa kwa kosa namba 2002. Inauma, ila naunga mkono: seva ya mlangoni ikianguka, wote hao wanarudi kubonyeza upya kwa wakati mmoja.

Tabu ni kwamba siku zile 2002 hiyo hiyo ilitokea hata mtandao wako ukiyumba kidogo ukiwa umeshapanga foleni. Kisanduku kinaonyesha 4,312, kinashuka 4,180, mara kosa linatokea na gemu yote inajifunga. Hapo usiende kuchemsha chai. Nafasi yako inashikiliwa kwa muda mfupi tu: fungua gemu papo hapo, weka neno la siri na zile tarakimu sita za msimbo wa mara moja, chagua mhusika yule yule, utajikuta karibu na pale ulipokuwa. Ukizubaa, unaanzia mkiani. Tumia waya kutoka kwenye ruta, maana intaneti ya simu hupoteza pakiti (vipande vya data) hata ikiwa na kasi nzuri, na zima mpangilio unaoilaza kompyuta.

Ndani nako watu wametawanywa, na hili limenifurahisha kuliko yote. Juni 2017, kwenye Stormblood, nyongeza ya awali, kila mtu alifikia pambano lile lile la peke yake karibu wakati mmoja, na wengi wakakwama hapo kwa saa nyingi. Safari hii hadithi inagawanyika mapema, unachagua kuanza na eneo la Labyrinthos au la Thavnair, na maeneo yenyewe yakawa na nakala zaidi ya moja.

Seva mpya hazikupatikana kwa wakati kwa sababu ya uhaba wa chipu duniani. Mwongozaji Naoki Yoshida alilisema hilo. Katikati ya Desemba mauzo yakasimamishwa hadi tarehe 25 Januari 2022, na waliolipia wakaongezewa siku 7 za kucheza bure, kisha 14 nyingine. Kusitisha mauzo ya kitu kinachonunuliwa kwa kasi ile ni uamuzi mzito, na ulikuwa sahihi.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya kutumia namba moja kwa makosa mawili. Siku zile ulitofautisha hivi: 2002 ikitokea kabla hujaona idadi ya watu kwenye foleni, foleni imejaa, jaribu tena baadaye. Ikitokea baada ya kuiona, anza na waya wako.