Mafundi wa tairi Malindi: kazi ya kuwaachia na kazi ya kusimamia mwenyewe

Uingie Malindi kutoka Gede au utoke kuelekea Mambrui, fundi wa tairi humkosi: kompresa kivulini, rundo la matairi kuukuu, jeki, beseni la maji. Kwa kutoa tairi kwenye rimu bila kulijeruhi, mafundi hawa hawana mpinzani. Ila kazi zao hazilingani, na mkono uleule uliotoa tairi kwa ustadi unaweza kukujazia upepo kwa kukisia.

Upepo ndio tunaoupa alama ya chini kabisa. Kipimo cha kompresa hudondoshwa sakafuni, huingia vumbi na chumvi, na bado huaminiwa. Nunua chako, cha kalamu au cha saa, ukiweke garini. Kiwango sahihi usikisome ubavuni mwa tairi; pale pameandikwa kikomo cha juu, mara nyingi psi (kizio cha nguvu ya upepo) 44 au 51, na wapo wanaojaza hadi hapo wakidhani wametii kiwanda. Kisome kwenye kibandiko kilichoko nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi yametoka Japani, kwa hiyo kibandiko huandikwa kwa kPa (kilopaskali): 220 ni psi 32, 230 ni 33, 250 ni 36. Fundi akiuliza "niweke ngapi?", mtajie nambari, ya mbele na ya nyuma. Ukimwambia "weka ya kutosha", ya kutosha kwake huenda ikawa 40, na tairi litaanza kuota kipara katikati.

Upepo ukipungua mambo huwa mabaya zaidi. Tairi hulika mabega yote mawili, mbavu hupinda na kunyooka kila mzunguko, na kupinda huko ndiko kunakozaa joto linalolipasua safarini. Watu hulaumu jua la kaskazi. Jua linachangia, lakini mara nyingi tairi lilishaharibika kwa upungufu wa upepo.

Pima tairi likiwa baridi: asubuhi kabla ya kuondoka, au gari likiwa limesimama kwa muda wa saa 3. Ukifika kwa fundi moja kwa moja kutoka Kilifi, kipimo kitasoma kama psi 4 au zaidi juu ya kawaida kwa sababu ya joto, usikubali upunguziwe. Aliyeacha gari Mokowe akavuka kwenda Lamu kisiwani, ambako punda hawadai upepo, hurudi na kukuta matairi yamepoa kabisa. Apime palepale, maana mbele yake kuna zaidi ya kilomita 200 hadi Malindi, na vipande virefu havina fundi.

Pancha ndiyo kazi yao kuu, na hapa chagua vizuri. Njia ya haraka ni ule uzi wa mpira uliopakwa gundi: tundu husuguliwa kwa tupa ya mviringo, uzi huingizwa kwa sindano nene, ncha hukatwa. Tairi halitolewi kwenye rimu, na hapo ndipo penye tatizo. Hakuna anayeona ndani. Kama uliendesha hata kilomita 1 tairi likiwa limelala, mbavu zimesagika, na dalili yake ni unga mweusi wa mpira ndani ya tairi. Tairi la namna hiyo halitengenezwi, hata tundu liwe dogo kama la mwiba wa mgunga. Tena uzi usipoziba sawasawa, maji hupenya hadi kwenye nyaya za chuma na kuziozesha polepole. Uchukulie uzi kuwa wa kukufikisha mjini tu.

Lipia kiraka cha ndani, hasa kile chenye umbo la uyoga: shina linaziba tundu, kofia inashika kwa ndani. Simama uangalie. Mpira ukwaruzwe hadi upoteze mng'ao, usafishwe, upakwe gundi, kisha gundi iachwe ikauke kidogo hadi inate kidoleni bila kulowesha. Fundi mwenye haraka hubandika ikiwa bado mbichi, na kiraka hufumuka baada ya siku chache. Kiraka kikandamizwe kwa gurudumu dogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Tundu likizidi milimita 6, au likiwa begani au ubavuni, kataa hata ukiahidiwa nini.

Tairi likipungua kila wiki bila msumari, mwambie apake maji ya sabuni kwenye vali na pale tairi linapokutana na rimu. Pwani chumvi huila rimu, kutu hunyanyua ukingo, upepo hupenya. Dawa ni kukwangua kutu kwa brashi ya waya na kubadilisha vali. Kuongeza upepo kila Ijumaa si dawa.

Nati zifungwe kwa kurukiana kama nyota, zikazwe mwisho gari likiwa limeshuka chini. Kwa Toyota ndogo nyingi kiwango ni nyutoni-mita 103, sawa na kuegemeza kilo 21 kwenye ncha ya spana ya nusu mita. Fundi anayepanda spana kwa mguu na kuruka anavuta bolti zako. Zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, ni lazima usukani ukitikisika kwenye kilomita 80 hadi 100 kwa saa. Kwanza, hata hivyo, osha rimu kwa ndani: tope la njia ya Lango Baya likikauka upande mmoja huleta mtikisiko uleule. Nitrojeni usiihangaikie, hewa ya kawaida ni nitrojeni asilimia 78.

Matairi ya mitumba tunayatilia shaka. Tafuta tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 1816 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2016. Mashimo ya kashata (michoro ya uso wa tairi) yanaweza kuwa marefu na mpira ukawa umekauka. Pinda bega kwa kidole gumba, nyufa zikionekana mrudishie.

Kabla hujaondoka, fungua buti. Spea ile nyembamba inataka psi 60, yaani kPa 420, na haipaswi kupita kilomita 80 kwa saa. Mwombe fundi aijaze pia, kwa kuwa mpira wa kompresa tayari uko mkononi mwake.