TAHADHARI: Fundi wa stata (mota ya kuzungusha injini iwake) anayezunguka Kirumba, msimfungulie boneti

Wana Mwanza, naandika huku nimekasirika, mnisamehe.

Asubuhi, mwaloni Kirumba, gari langu IST limeshapakiwa sato na barafu juu. Napiga swichi: taa za dashibodi zote zinawaka, redio inaimba, injini haizunguki. Inagonga "tak" moja basi. Narudia, "tak". Maji ya barafu yameanza kuchuruzika kwenye buti. Mara huyo hapo, ovaroli safi, mita mkononi: "Mwangaluka, dada. Hebu fungua boneti."

Nani asingemwamini? Hela hakutaja kwanza. Akaweka mita kwenye betri, akanionyesha mwenyewe, volti 12.4. Akapiga honi. "Si unaisikia? Betri nzima hii. Stata ndiyo imekufa." Akainama kule chini, akaniambia nipige swichi tena. Safari hii hata ile "tak" hakuna, kimya. "Umeona, dada?" Na mimi natikisa kichwa kama mtoto wa chekechea!

Akaifungua stata, akapanda nayo bodaboda "kuibadilisha dukani", akarudi na nyingine inang'aa, ina rangi ya fedha. 180,000, nitume kwa simu. Jina likatokea la mwanamke, eti mke wake. Nikatuma. Gari likawaka papo hapo, wabeba mizigo wakashangilia, nami nikamwongezea hela ya soda. Hela ya soda, jamani!

Hata wiki haikuisha, "tak" ileile, getini kwangu. Nikamwita fundi umeme wangu wa Nyakato, mnamjua na mdomo wake. Akakwangua ile rangi kwa bisibisi, chini yake kuna alama aliyoichora yeye mwenyewe zamani alipobadilisha kaboni za hiyo stata. Nimeuziwa stata yangu! Ubovu wenyewe ulikuwa teminali ya hasi, ile klipu ya waya kwenye betri, imelegea na ndani imejaa unga mweupe. Maji ya moto, msasa, spana namba 10, nikampa 5,000 akaenda zake huku anacheka.

Kumbe taa na honi zinakula umeme kidogo tu, stata inavuta zaidi ya ampea 100, kwenye teminali chafu haupiti. Yule mwizi alipofungua betri na kuirudisha, uchafu ukakwanguka kidogo, ndiyo maana likawaka. Na ile kimya? Fundi wangu anasema alichomoa kawaya kadogo ka stata, mimi niko ndani nimeshika ufunguo.

Kwa hiyo mita isomwe wakati unapiga swichi, siyo gari limelala. Ikishuka chini ya 10, anzeni na betri. Ikibaki 12 na injini haizunguki, kagueni teminali na waya wa ethi (unaotoka hasi ya betri kwenda bodi ya gari), na kama ni otomatiki jaribuni kuwasha gia ikiwa kwenye N (nyutro). Kifaa kisitoke machoni pako. Mengine fundi wangu alisema nimesahau, nilikuwa nalia.

Huyu mtu afungwe! Faini ndogo hapana, afungwe, na hiyo mita yake ivunjwe mbele ya mwalo mzima. Watu wanakopa kununua hizi gari. Meseji ya muamala ninayo, na stata iliyokwanguliwa ninayo. Aliyepigwa na huyu huyu aje inbox tuongozane polisi Kirumba, peke yangu watanicheka.