Prizimu ya kioo ya shilingi 900: imenifaa nyumbani na dukani

Ukitaka kununua prizimu, kile kipande cha pande tatu kinachotenganisha rangi za mwanga, itisha ya kioo, si ya plastiki. Duka nililonunua yangu, la vifaa vya shule karibu na Digo Road hapa Mombasa, lilikuwa nazo zote mbili. Ya kioo shilingi 900, ya plastiki nusu ya bei hiyo. Ukizishika unazitambua bila kuambiwa: kioo ni baridi mkononi, na uzito wake ni kama mara mbili ya mwenzake. Ile ya plastiki ilikuwa imeshakwaruzika kabla haijauzwa, na kila mkwaruzo hutawanya mwanga ovyo. Kijana muuzaji aliniruhusu nizitoe zote mlangoni nizijaribu juani, na kwa hilo nalisifu duka lake.

Yangu ina urefu wa kidole cha kati na pande tatu zilizo sawa, kila pembe nyuzi 60. Ncha moja imemeguka kidogo, haidhuru. Kasoro kubwa ni karatasi ya maelekezo. Inasema uiweke kwenye mwanga, basi. Mtoto akiifuata hiyo ataona ukuta mtupu na kudhani ameuziwa kitu kibovu.

Kinachotakiwa ni mwanga mwembamba. Nyumba yetu Kibokoni ina dirisha la juu linalotazama mashariki. Asubuhi nafunga mbao zake na kuacha ufa wa upana wa penseli, prizimu naishika kwenye ufa huo, kisha naizungusha taratibu. Usitazame mbele moja kwa moja, kule ambako jua lingefika kama kioo kisingekuwepo. Kioo cha kawaida chenye pembe kama hizi hupinda mwanga kwa nyuzi karibu 39, kwa hiyo rangi hutua pembeni kabisa, pengine kwenye ukuta mwingine au darini. Ukuta ukiwa mita 3 mbali, mkanda wa rangi hupata upana kama wa kiganja. Nyekundu ndiyo iliyopindwa kidogo kuliko zote, zambarau ndiyo iliyopindwa zaidi. Ukiupanua ufa, rangi za katikati hupandana zikarudi kuwa nyeupe, zikabaki mbili tatu tu za kandoni.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye kwa ajili yake nilikinunua kifaa hiki, aliniuliza kama kioo ndicho kinachoutia mwanga rangi. Watu wazima wenye elimu yao waliamini hivyo zamani. Isaac Newton, Uingereza, mwaka 1666, alitia giza chumba chake akaacha tundu dogo dirishani, na baadaye akachukua rangi moja peke yake akaipitisha kwenye prizimu ya pili. Ilipinda tena, lakini haikuzaa rangi mpya. Basi rangi zilikuwemo kwenye mwanga tangu mwanzo, na kioo kimezitenganisha tu.

Mimi nauza leso Biashara Street, kwa hiyo jaribio nililolipenda zaidi halimo kwenye karatasi yoyote. Nilitandika kisutu, ile leso ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, pale rangi zilipoangukia, nikakivuta polepole. Penye weupe, kila rangi ilionekana kama ilivyo. Penye weusi, hapakuonekana kitu. Penye wekundu, mwanga mwekundu uliwaka kama kaa la moto, lakini kijani na buluu zilipofika hapo kitambaa kikawa cheusi, karibu sawa na weusi wa pembeni yake.

"Shangazi, nyekundu imekwenda wapi?"

Haikwenda popote. Rangi iliyotiwa kwenye pamba ile hurudisha mwanga mwekundu na kuumeza ulio mwingine. Ukiinyima mwekundu, haina cha kurudisha. Nimeuza leso miaka mingi, na siku ile nilikitazama kisutu kwa macho mapya.

Usiku nikaipeleka prizimu karibu na jicho nikatazama taa za dukani kwa mbali. Taa ya tyubu ilionekana imevunjika vipande vya rangi vyenye nafasi katikati, kana kwamba rangi nyingine hazikuletwa. Taa ya LED ilitoa utepe ulioungana, ila kati ya buluu na kijani pamefifia. Basi nguo iliyo chini ya taa hizo inapewa sehemu tu ya kile ambacho jua lingeipa, na ndiyo sababu uzi na kitambaa vinavyofanana kabisa dukani huweza kuachana mtu akifika barabarani. Siku hizi mteja akitaka kulinganisha rangi namtoa nje mchana, na asiponielewa namkabidhi prizimu aitazame taa mwenyewe. Ila jua usilitazame kamwe kupitia kioo hiki, na watoto waambiwe mapema.

Kama shilingi 900 ni nyingi, anza na gilasi ya mviringo iliyojaa maji. Kamal al-Din al-Farisi, mwanasayansi wa Uajemi aliyefariki karibu mwaka 1319, alitumia tufe la kioo lenye maji kama mfano wa tone la mvua, na kwalo akaeleza upinde wa mvua vizuri ajabu. Mpira wa kunyunyizia maji nao hufaa, jua likiwa mgongoni, lakini maji ya mfereji kwetu si ya kumwaga. Na upinde wenyewe wa mvua una saa zake: jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 hauonekani angani kwa aliyesimama chini, kwa hiyo hapa Mombasa miezi mingi uutafute kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa tisa unusu alasiri. Huo wa alasiri hutokea upande wa bahari.

Ukiweza, nunua prizimu mbili, maana jaribio la Newton halikamiliki kwa moja. Nilirudi kuchukua ya pili kwa bei ile ile, na safari hiyo nilikagua ncha zote sita kabla ya kulipa.